Torpedo Isiyojua Cheo

"Wizara ya Ulinzi wa Bahari inawatangazia wananchi wote kwamba Jumamosi, kuanzia asubuhi hadi hapo itakapotangazwa vinginevyo, bahari itakuwa kimya."

Ndivyo alivyosoma Mkurugenzi wa Itifaki redioni, kwa sauti ya mtu aliyeshauriana na bahari, na bahari ikaafiki. Boti za injini marufuku. Honi marufuku. Watakaokuja gatini kutazama wasipige makelele wala vigelegele, na wanaoogelea waogelee kwa adabu.

Sababu ilikuwa nzito. Jeshi la Majini lilikuwa limenunua torpedo mpya, na siku hiyo ingejaribiwa mbele ya umma. Mkurugenzi, japo kazi yake hasa ilikuwa kupanga nani akae kiti gani, aliisoma torpedo ile mpaka akaijua kama kiganja chake.

"Ni bomu linaloogelea," aliwaeleza waandishi wa habari. "Chini ya maji macho hayafai kitu, kwa hiyo lina masikio. Likishafyatuliwa, husikiliza kelele za injini na pangaboi la meli, likazifuata. Likikaribia hupiga mlio wake lenyewe na kusikiliza mwangwi. Hapo hata ukizima injini umechelewa. Hili la majaribio halina baruti, kichwani lina vipimo tu."

"Na linamtambuaje adui?" mwandishi mmoja akauliza.

"Adui ndiye mwenye kelele."

Shabaha ilikuwa tishali kuukuu la kubebea mizigo lililotiwa nanga mbali kidogo, ndani yake mashine ya kuunguruma. Mambo yote yalikuwa sawa, isipokuwa Admirali, mtu mwenye tabia mbaya ya kuuliza maswali, aliuliza kikaoni: "Na boti ya Waziri je? Ina injini mbili, jenereta ya kiyoyozi na bendi ya matarumbeta."

"Mheshimiwa si kelele," Mkurugenzi akamjibu. "Mheshimiwa ni tukio."

Kikao kikapiga makofi, hoja ikafa. Moyoni Mkurugenzi alijua fika kwamba masikio ya torpedo hayajapitia mafunzo ya itifaki. Lakini nani amwambie Waziri azime kiyoyozi? Kiti cha Katibu Mkuu kilikuwa wazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye alikuwa ameinama mpaka kiuno kikazoea.

Jumamosi alipanda boti ya Waziri pamoja na mama mkwe wake, aliyemwalika ili aache kumuuliza binti yake, "Hivi huyo mumeo hasa anafanya kazi gani?" Injini zikanguruma, matarumbeta yakalia, Waziri akashika maikrofoni. Kwa mbali manowari ikafyatua torpedo. Mchirizi wa mapovu ukaelekea kwenye tishali, ukasita kama mtu aliyesikia ngoma nyumba ya pili, kisha ukageuka.

Gatini watu waliuona. Kwa kuwa kupiga kelele kulikatazwa na askari walikuwa wamesimama palepale, walipunga mikono tu, kwa nguvu zao zote, wengine wakavua hadi mashati wapunge nayo.

"Tazameni wananchi wanavyonipenda!" Waziri akasema, naye akawapungia.

"Mkwe wangu, samahani," mama mkwe akaita taratibu. "Kile kinachotujia ni cha kwenu?"

Mkurugenzi akatazama. Akamkimbilia nahodha. "Zima injini!"

"Siwezi, mzee. Amri hiyo huitoa Mheshimiwa mwenyewe."

"Basi mwulize!"

"Anahutubia. Na wewe ndiye uliyetukataza tusimkatize."

Ilikuwa kweli. Mkurugenzi akamwendea Waziri, akainama, akanong'ona. Waziri akaziba maikrofoni kwa kiganja. "Ngoja, niko kwenye mafanikio. Changamoto zinakuja."

"Zimeshakuja, Mheshimiwa."

Waziri akaendelea na mafanikio. Mkurugenzi akamwangalia mama mkwe wake, asiyejua kuogelea, ameketi wima, kaukumbatia mkoba wake. Akaona aibu iliyomfika mpaka masikioni. Akanyoosha mgongo.

"Mheshimiwa, nyamaza!" akapaza sauti, na maikrofoni ikaibeba mpaka gatini. "Na wewe wa tarumbeta! Nahodha, zima kila kitu!"

Pakawa kimya. Katika kimya kile wakasikia mlio mwembamba kutoka chini ya miguu yao, ukirudia, ukirudia, kila mara upesi zaidi. Walikuwa wamechelewa. Boti ikatikisika, ubavu ukapasuka, ikalala kwenye tope la maji mafupi, na serikali ikaloa mpaka kifuani. Mkurugenzi alimbeba mama mkwe mgongoni hadi nchi kavu, kwa heshima zote zinazowezekana katika mkao ule.

Kesho yake alikaa sebuleni akingoja simu ya kufukuzwa kazi. Ikaja ya Ikulu, ya pongezi. Torpedo ilikuwa imefanya kazi vizuri ajabu. Wageni kutoka nchi rafiki wangependa kuiona mwezi ujao, na ili matokeo yasibadilike, shabaha nayo isibadilike.

Jioni akapiga Waziri, kwa upole ambao Mkurugenzi hakuwahi kuusikia.

"Ndugu yangu, ya jana nimeyasamehe. Sasa nitafutie mtu wa kuniwakilisha. Naibu wangu, kwa mfano, anapenda sana bahari."

"Nilimpendekeza, Mheshimiwa. Ikulu wanasema Naibu hana kelele za kutosha."

Mkurugenzi akaegemea kochi vizuri, akauliza:

"Mheshimiwa, jaketi la kuokolea unavaa saizi gani?"