Makala za Dokta Adolfu Kuhusu Wanawake Wasiokuja Kupima

Taasisi yetu ya utafiti wa saratani hapa Sumbawanga inayo heshima kubwa kuutaarifu umma kwamba mkurugenzi wetu, Dokta Adolfu Kipeta, ameandika makala nyingi kuhusu wanawake wa Ufipa kuliko mtu yeyote aliye hai. Mimi, Cleophas, afisa habari, ndiye ninayezipanga kwenye kabati la kioo pale mapokezi.

Hoja yake ni moja, nayo ni nzito: wanawake wa huku hawaji kupima saratani ya mlango wa kizazi. Makala ya kwanza ilisema hawaji. Ya pili ikathibitisha kwamba kweli hawaji. Zilizofuata zimekuwa zikikuchambua kutokuja huko kwa kina, na Ulaya zinasomwa.

Chumba cha kupimia tunacho, na muuguzi tunaye, Sista Fransiska. Kitanda kipo pia. Kwa kuwa hawaji, tulikipangia maboksi ya vipeperushi vya kuwahimiza waje.

Basi, katika wiki ya maandalizi ya sherehe ya kumpongeza Dokta, akaja mwanamke.

Aliitwa Kabula, Msukuma, mke wa mfugaji wa Ilemba. Alikuwa amepanda mlima juu ya lori la mahindi. Dada yake mkubwa alikufa kwa ugonjwa huo, akitibiwa tumbo mpaka siku za mwisho, na yeye hakutaka kungoja yamfike. Alitupa shikamoo sote, hata mlinzi ambaye ni mtoto kwake, akasema amekuja kupima.

Nilimweleza kwa lugha nyepesi kwamba tuko katikati ya kukusanya takwimu, na kuja kwake kungevuruga matokeo. Hakuelewa. Ikabidi Dokta atoke mwenyewe. Akamuuliza kwa upole kama haogopi, maana wenzake wote huogopa.

"Naogopa sana, dokta," Kabula akasema. "Ndiyo maana nimekuja."

Dokta alininong'oneza kwamba jibu hilo halina pa kuwekwa. Akamshauri arudi nyumbani, aje tena makala ikishatoka. Kabula akauliza itatoka lini. Akajibiwa kwamba mambo hayo huamuliwa nje ya nchi. Hakubisha. Alijifunga khanga yake vizuri, maana upepo wa Sumbawanga hauna adabu, akaenda zake. Kitaalamu, suala likawa limefungwa.

Kumbe hakurudi Ilemba. Alifikia kwa shangazi yake hapa mjini, akawaambia wanawake wa sokoni kwamba taasisi ina kitanda na muuguzi, ila ukienda unarudishwa. Wa sokoni wakawaambia wa kanisani. Siku ya sherehe, Dokta akiwa kwenye maiki anaisoma makala yake mpya, nikaona wanaingia getini: Wafipa wa Kaengesa na masweta yao, Wasukuma wa bondeni, wachuuzi wa Laela walioshuka basi moja. Nikamnong'oneza Dokta. Akaniagiza nimwambie mgeni rasmi kwamba ile ni kwaya.

Mgeni rasmi alikuwa Profesa Rahel, kiongozi wa shirika linalotufadhili. Alifurahi sana, akawaomba waimbe.

Walitazamana. Kisha Kabula akasimama. "Hatuna wimbo, mama. Tumekuja kupima."

Profesa akauliza kitanda kiko wapi. Maboksi yakatolewa, na Dokta mwenyewe alibeba, suti na yote. Sista Fransiska akavaa glavu, akachukua siki yake, ile inayopakwa mlango wa kizazi ili mabaka yajitokeze, akaanza na Kabula. Aliona mabaka ya mwanzo, bado machanga, akayagandisha palepale kwa baridi, ndiyo tiba yake. Kabula alipotoka aliegemea ukuta akalia bila sauti. Halafu akajifuta, akaenda kuwaambia wenzake kwamba haiumi sana, na kwamba yeye atapona.

Maiki ya Dokta nilikuwa nimeishika mimi tangu alipokwenda kubeba maboksi. Nikaizima.

Ndipo Profesa alipomgeukia Dokta, akamuuliza kama yeye, kwa umri wake, ameshapima tezi dume, maana damu ya kipimo hicho Sista huichukua palepale. Dokta akasema hajisikii mgonjwa. Akasema pia kwamba ana kikao, na kwamba somo hilo amelisoma vya kutosha. Alipoona Profesa bado anamtazama, akaomba udhuru, akatokea mlango wa jikoni.

Nilitaka kumfuata kwa ajili ya itifaki. Mwanamke mmoja kwenye foleni akanizuia. Alikuwa Mama Cornelia, mke wa Dokta, amejifunika mtandio mpaka kwenye nyusi.

"Mwache, Cleophas," akasema. "Baba Lydia hafiki mbali. Ufunguo wa gari ninao mimi."

Dokta alirudi kweli, vumbi limempanda mpaka magotini. Akaingia foleni nyuma ya muuza dagaa wa Laela, ambaye alimwomba asisukume. Zamu yake ilipofika, Sista Fransiska alimuuliza kama anavyowauliza wote: amekuja kwa hiari yake au ameletwa?

Dokta Adolfu alimtazama mkewe.

"Nimeletwa," akasema.