Benchi Lililobeba Watu Watano Kwenye Kompyuta

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Usharika unataka mabenchi arobaini! Mzee Anaeli, mzee wa kanisa, ametangaza kila fundi alete moja la mfano Jumapili. Yawe ya plastiki iliyoyeyushwa na kuchanganywa na chenga za matairi. Ndiyo kazi yangu hapa mtaani Sakina! Baba ameshasema: nikiikosa hii, nifunge karakana nirudi Meru kwenye shamba lake la kahawa. Sirudi!

Tatizo ni Eunike. Tulisoma darasa moja. Naye analeta benchi.

Jumanne, 7 Oktoba
Mpira kidogo huifanya plastiki isipasuke ovyo. Basi mwingi ni bora zaidi! Eunike anaweka kikombe kimoja cha mpira kwa kila kumi vya plastiki. Mimi vinne. Mabaki ya matairi napewa bure na Lemomo, mshona katambuga, vile viatu vya matairi. Ameniuliza kama nitayaosha, maana yana matope na grisi. Nimemjibu hii ni sayansi, si kufua.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimepita kwa Eunike kumsalimia. (Kupeleleza.) Anachekecha mpira kwa chekeche ya unga! Kisha anatundika ndoo za mchanga kwenye vibao vya majaribio alivyotengeneza mwenyewe hadi vivunjike. Ameshavunja kumi na tisa! Ati punje kubwa chafu haishikani na plastiki: inaachia, linabaki tundu, na ufa unatoka tundu hadi tundu. Nimemshukuru. Mtu anatengeneza kitu ili akivunje, halafu ananifundisha mimi!

Alhamisi, 9 Oktoba
Mimi sivunji. Nina programu ya kompyuta. Imeuliza mpira umeshikana na plastiki kiasi gani. Nimejibu: kabisa. Ningejibu nini? Imeuliza uzito utakaaje. Nimejibu: umesambaa, watu wameketi kwa utulivu. Ni Walutheri. Ikasema benchi litabeba watu watano wanene. Safi!

Jumamosi, 11 Oktoba
Benchi limetoka kwenye kalibu ya kuumbia. Limebonyea katikati kabla hajakaa mtu. Nimeligeuza, miguu nikaifunga upande wa pili. Sasa limebinuka juu. Nitasema ndiyo mtindo.

Jumapili, 12 Oktoba
Mama watano wa kwaya wamelikalia mahubiri yote. Halikuvunjika! Lililia mara mbili wakati wa sala, nikakohoa. Mzee Anaeli akanishika mkono, akasema kazi imekaribia kuwa yangu.

Kisha mnada. Nilisahau mnada! Kila Jumapili tangu nizaliwe, ndizi na kuku wa sadaka hunadiwa nje baada ya ibada, na Mzee Ebenezer, mnadishaji, husimama juu ya benchi ili aonekane. Akachukua langu. Kilo mia na kumi, katikati kabisa, na kila bei ikipanda naye anaruka! Ilipopanda mara ya nne benchi likakatika. Mzee akaangukia mkungu wa ndizi. Jogoo akakimbilia madhabahuni. Mzee ni mzima. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Eunike hakucheka. Afadhali angecheka! Aliokota kipande, akanionyesha matundu: punje zimetoka safi kama kokwa za parachichi lililoiva. Mzee Ebenezer akapanda benchi la Eunike, akaruka hadi mwisho wa mnada. Kazi amepewa Eunike.

Jumatano, 15 Oktoba
Niko Meru, kwenye kahawa. Karakana nimeifunga. Inauma, sitaki kusema uongo. Eunike amepiga simu, ameniomba nikamsaidie kuvunja vibao, atanipa kazi. Nimekataa. Nina heshima zangu.

Nimetafakari sana na kosa nimeliona: mnadishaji. Pale alipaswa kusimama mtu mwembamba!

Baba anataka kununua ngazi ndefu ya kupogolea migrivea, miti inayotia kahawa kivuli. Nimemwambia asinunue, nitamtengenezea mimi, kalibu ninazo. Kompyuta imeuliza tena habari za kushikana. Nimejibu: kabisa. Mpira nimeongeza kikombe cha tano. Baba ni mwembamba. Atapanda Jumamosi.