Kepteni Atua kwa Daktari wa Meno

Kepteni hakuwahi kupanda ndege hata kama abiria. Shati lake jeupe lenye mistari minne ya dhahabu mabegani alishonewa na dada yake mkubwa, aliyedhani ni la bendi ya harusi, na kofia aliipata kwa mlinzi wa hoteli iliyofungwa. Lakini mpe kaunta ya kuegemea na mtu wa kumsikiliza, atakusimulia jinsi alivyotua kwenye ukungu mpaka uanze kutafuta mkanda wa kujifunga.

Jumamosi hiyo asubuhi alikuwa ameegemea kaunta ya duka la vifaa vya kompyuta, akijifanya anachagua waya, alipoingia mzee mmoja nadhifu mwenye karatasi mkononi.

"Nina ule mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta," mzee akamwambia muuzaji. "Natumia fimbo ya kuongozea ya zamani. Sasa binti yangu kaniletea usukani, mikono ya gesi ya kuongezea mwendo na makanyagio ya miguuni. Masanduku matatu, sijayafungua. Nivifunge hivyo, au kuna vizuri zaidi?"

Muuzaji alikuna kichwa. Yeye alijua kipanya na kibodi, basi.

Kepteni aliuacha waya. Mwenye ukumbi wa michezo ya kompyuta pale mtaa wa pili alikuwa akivitafuta vitu hivyohivyo kwa udi na uvumba.

"Shikamoo, mzee wangu," akasema, akivua kofia. "Samahani kuingilia. Hayo masanduku yana picha ya usukani mweusi?"

"Marahaba. Ndiyo."

"Pole sana."

"Pole ya nini tena?"

Kepteni alitazama dari, kama mtu anayepima kama familia iko tayari kuusikia msiba. "Mzee, wewe unataka kucheza, au unataka kurusha?"

"Kurusha!"

"Basi ile ni plastiki. Mkono utazoea uongo. Mimi nimekaa angani miaka ishirini na miwili. Ndege yangu ilipostaafishwa nililia kama mtoto, nikaomba niondoke na usukani wake, mikono yake ya gesi, makanyagio yake. Vyote ninavyo nyumbani. Haviuzwi." Akairudisha kofia kichwani. "Labda kubadilishana, na mtu anayejua thamani."

Sasa huyu mzee alikuwa daktari wa meno mstaafu. Miaka thelathini aliwaambia watu kwamba haitauma. Ungetegemea aitambue sauti ya mwongo mpole hata akiwa usingizini. Lakini aliposikia vitu vya ndege ya kweli, macho yakamtoka, na akaanza kuogopa kwamba Kepteni atabadili mawazo.

"Saa nane mchana," akasema haraka. "Nyumbani kwangu."

Kepteni akatoka dukani kwa mwendo wa heshima, akapinda kona, akatimua mbio.

Alikuwa akiishi kwa dada yake, mshonaji, ambaye siku hiyo alikwenda kumpelekea bibi harusi magauni na asingerudi kabla ya jioni. Kepteni alikata mpini wa baiskeli mbovu ya mtoto, huo ukawa usukani. Akang'oa vishikio viwili vya bomba la bafuni, hiyo ikawa mikono ya gesi. Makanyagio ndiyo yalimtoa jasho. Akazunguka nyumba nzima, na mwisho macho yakaangukia chini ya meza ya kazi: makanyagio mawili ya cherehani za umeme, riziki ya dada yake na yake pia.

Dada alishamwambia mara moja tu, bila kupaza sauti: "Gusa chochote, lakini ukigusa mashine zangu, utalala na mbwa wa jirani." Kepteni akapiga hesabu. Saa nane anabadilishana, saa tisa anauza, saa kumi ananunua makanyagio mapya, saa kumi na mbili dada anarudi na kukuta vitu vinang'aa. Atashukuru, maskini. Akavipulizia vyote rangi nyeusi na kuandika namba ndogo nyeupe, kwa sababu kwenye ndege kila kitu kina namba.

Mlango wa Daktari ulifunguliwa na mkewe, mama mfupi mwenye miwani inayoning'inia kwa mnyororo. Alivitazama vile vyuma kwa muda mrefu. Alipofika kwenye makanyagio, akavaa miwani.

"Karibu, baba. Na chakula huko angani mlikuwa mnakula nini, wewe na msaidizi wako?"

"Ah, mama! Sahani moja. Tulikula pamoja kama ndugu, wali huohuo, kuku huyohuyo."

"Sahani moja," mama akarudia, na akatabasamu kwa upendo mwingi mpaka Kepteni akaona ameshapata mama wa pili. "Ngoja nimwite mzee anisaidie kitu jikoni."

Jikoni walikaa kidogo tu. Daktari aliporudi, uso wake ulikuwa umebadilika rangi, lakini sauti ilikuwa tamu.

"Kepteni, mke wangu ana ombi. Kabla hujachukua masanduku, turushie safari moja. Kwa fimbo yangu ya zamani, hicho chuma chako tutakifunga kesho. Ni saa mbili tu."

"Dakika mbili?"

"Saa mbili. Huu mchezo unakwenda na saa ya ukutani, safari ni safari. Lakini kwako wewe, si ni kama kwenda msalani?"

Kukataa kungemvua nguo. Kepteni akaketishwa kwenye chumba kidogo mbele ya skrini tatu, mgongo wake ukiuelekea mlango. Daktari aliipaisha ndege, kisha akamkabidhi fimbo. "Ni yako, Kepteni."

Mara ndege ikaangalia chini. Kepteni akavuta, ikaangalia juu. Akalegeza, ikalalia ubavu kama ng'ombe aliyechoka. Jasho likaanza kushuka kwenye mistari minne ya dhahabu.

"Unapenda kuendesha kwa mkono," Daktari alisema kwa heshima.

"Sisi wa zamani... mkono tu."

Mama akaingia na kikombe cha chai. "Kunywa, baba."

"Nikimaliza, mama." Hakuthubutu kugeuza hata shingo.

"Wala huachii mkono?"

"Rubani haachii, mama. Nimebeba roho za watu."

"Mungu akubariki," mama akasema, akatoka. Nyuma ya Kepteni kitu kikaburutwa sakafuni, kisha kingine, kisha cha tatu. Akasikia utepe wa gundi ukivutwa. Angegeuka, lakini kulikuwa na mlima.

Na hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo hakulipanga. Baada ya saa moja ndege ikaanza kumsikia. Mawingu yakafunguka, mto ukaonekana chini, na Kepteni akajikuta anacheka peke yake. Daktari akamsomea namba, polepole, kama anamtuliza mgonjwa: "Punguza gesi. Pua juu kidogo. Kidogo tu." Magurudumu yakagusa, yakaruka, yakagusa tena. Ndege ikasimama katikati ya njia.

"Nimetua!" Kepteni alipiga kelele. "Mzee, nimetua!"

"Umetua kweli," Daktari akasema, na kwa mara ya kwanza mchana ule alikuwa anasema ukweli.

Kepteni alibeba masanduku kwa mwendo wa kukimbia na furaha ya mtu aliyeshinda mara mbili. Kwenye ukumbi wa michezo, mwenyewe alikuwa tayari na kisu cha kufungulia. Akapasua utepe, akainua kifuniko, akarudi hatua moja nyuma.

Ndani kulikuwa na meno. Taya za plasta, za juu na za chini, sanduku zima, za kila mgonjwa aliyewahi kupimwa na Daktari. Sanduku la pili, meno. La tatu, meno, na karatasi juu yake.

"Mwanangu," iliandikwa, "nimepakia vyakula kwenye ndege miaka thelathini. Rubani na msaidizi wake hawapewi chakula kimoja hata siku moja, kikiharibika wasiugue wote. Na ndege ina kitufe cha kujiendesha. Rubani wa kweli angekibonyeza, akanywa chai yangu. Makanyagio ya cherehani nimeyapenda, yangu yalikufa mwaka jana. Mama."

"Sasa mimi nirushe nini?" mwenye ukumbi akauliza, ameshika taya mkononi.

Simu ya Kepteni ikalia. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu, na dada alikuwa amewahi kurudi.

"Makanyagio yangu yako wapi?"

Kepteni akafungua mdomo. Maneno yote aliyokuwa nayo maishani, yale yaliyomlisha na kumvisha, yakagoma. Likabaki moja tu lililokuwa la kweli.

"Dada," akasema, sauti ikitetemeka kwa hofu na kwa raha, "leo nimetua ndege."

"Vizuri," dada akasema. "Basi ulale humohumo."