Nusu Kilo ya Fundi Bomba

Sogeeni, enyi wenye masikio, na aliyeacha chungu motoni akakiepue kwanza, nisimulie vita vya nusu kilo ya unga, alivyovipiga Fundi Bomba, simba wa koki, mfunga mivujo, aliyeapa mbele ya shemeji yake kwamba keki ya kumpokea mamamkwe ataioka kwa mikono yake. Miaka sita mama yule alimwita "huyo fundi." "Mwanangu" hakuwahi kumwita, na jambo hilo lilimuuma.

Keki ya kwanza iliangukia vitani asubuhi. Kitabu kiliagiza nusu kilo ya unga; shujaa akatwaa jagi la nusu lita, akalijaza unga hadi ukingoni, akajipongeza. Kilichotoka ovenini kilikuwa uji.

"Shemeji," akacheka dada wa mkewe, mwoka mikate wa kazi, "hii tunakula au tunapigia deki?"

Unga ulibaki wa keki moja tu, mzani wa jikoni betri zimekufa, na mgeni yuko njiani. Jasho likamtiririka shujaa. Akainua chupa yake ya maji anywe, mkono ukagandia hewani.

"Ewe maji!" akanguruma. "Matangi niliyoyapandisha darini yameniapia kwa mgongo wangu: lita moja, kilo moja! Lakini unga umejaa hewa, jagi likanidanganya mchana kweupe!"

Akatundika henga ya nguo kwenye msumari wa mlango. Kushoto akaning'iniza mfuko wenye chupa ya nusu lita, imejaa maji; kulia, mfuko wenye chupa pacha, tupu, "uzito wa plastiki usije ukatutilia fitina." Kisha akamimina unga kulia, kijiko baada ya kijiko, henga ikiyumba.

"Ongeza!" akapiga kelele shemeji, keshasahau kucheka. "Kidogo! Punguza! Hapo hapo, usipumue!"

Henga ikatulia sawasawa. Wakarukaruka jikoni kama watoto, unga hadi kwenye kope.

Jioni mamamkwe alikata kipande, akatafuna. Shujaa aliyewahi kuziba kwa kiganja bomba lililopasuka, akachungulia kutoka nyuma ya mlango. Mama akasukuma sahani yake mbele.

"Mwanangu," akasema, "niongezee."

Andikeni basi, enyi wenye kalamu: siku hiyo Fundi Bomba alikata kipande cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza, wala hakukipima.