Majibu ya Mara ya Kwanza

Jumatatu, 14 Julai 2025

Wiki imeanza na habari nzito. Dokta Agape amepiga simu kutoka makao makuu ya chuo kikuu. Anakuja Alhamisi kuchagua mratibu wa kituo chetu, na mratibu atatoka kati yetu wawili: mimi Uwesu au Scola.

Kituo chenyewe ni vyumba viwili juu ya duka la mabati hapa Mpanda. Tunakusanya tafiti za Katavi na kuwarudishia wananchi matokeo, wasiwe wanahojiwa kila mwaka halafu wasisikie kitu. Kazi naipenda. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi. Nikikosa uratibu, narudi Shanwe kukunja vitenge dukani kwa baba. Naogopa kweli. Mama ameshawaambia majirani kwamba mratibu ni mimi.

Alhamisi hiyo hiyo kuna mkutano wa mrejesho kijijini Usevya, kuhusu wazee wanavyohifadhi mbegu za mpunga. Scola ndiye aliyekaa kule miezi miwili, kwa hiyo Scola ndiye atakayesimama mbele ya Dokta. Mimi nimepangiwa spika. Spika!

Jumanne, 15 Julai

Njia imepatikana. Nimemwambia Scola kwamba akina mama wa Ikola, kule ziwani, wana picha za zamani za kuanika dagaa, Dokta angefurahi kuziona, lakini lazima mtu azifuate mwenyewe. Kwenda Ikola na kurudi si safari ya siku moja. Mpaka Ijumaa atakuwa huko. Alinishukuru kwa wazo zuri. Roho iliniuma kidogo, ikaacha baada ya chai.

Mchana akashuka dukani kuaga, mkoba kauacha wazi. Mezani kwake kulikuwa na madaftari mawili. Moja limeandikwa Mara ya Kwanza, jingine Mara ya Pili. Nimechukua la kwanza. La pili bila shaka ni yale yale yamerudiwa, na mimi sina muda wa marudio. Aliporudi akalitia mkobani bila kuangalia, akaondoka.

Jumatano, 16 Julai

Nimeshinda ofisini nachora michoro. Wazee wa Usevya wana mambo! Bibi Minza anaweka mbegu chini ya kitanda cha mumewe, ili mzee akinyemelea kwa mke mdogo ajikwae kwenye gunia. Mwingine hana shida na panya wake, wanakula kwa zamu. Mzee mmoja anaziimbia mbegu zisiote ukungu.

Nilishtuka, halafu nikajikumbusha kwamba mtafiti hadharau mila za watu. Njia ya kitanda imepata asilimia thelathini na tano. Panya nimewapaka rangi ya chungwa.

Alhamisi, 17 Julai

Tulifika Usevya saa nne: Dokta, mimi na spika. Uwanja wa ofisi ya kijiji umejaa. Na nani amekaa mbele, katikati ya mabibi, anamenya karanga? Scola. Kumbe aliwapigia simu akina mama wa Ikola, wakamtumia picha, akaona bora awahi huku kupanga viti. Nikamwambia Dokta kwamba mwenzangu amechoka na safari, acha nianze mimi. Scola akasema sawa. Alikuwa anatafuta daftari lake kwenye mkoba.

Nikasoma kuhusu kitanda. Watu wakacheka. Nikajua nimewagusa. Nikasoma kuhusu panya, mzee mmoja akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Dokta peke yake alikuwa ameacha kuandika. Nilipotangaza kwamba kituo kinapendekeza njia ya kitanda ifundishwe mkoa mzima, Bibi Minza akasimama na kuomba kipaza sauti.

Aliniita mume wake, kama mabibi wanavyowaita wajukuu, akauliza nimetoka wapi maana kwake sijawahi kukanyaga. Kisha akamweleza Dokta kwamba babu amefariki mwaka wa kumi sasa, na kitanda chake walishampa shemeji. Mgeni wa umri wa mjukuu akija mara ya kwanza, anataniwa. Ndiyo karibu yake. Akienda moja kwa moja, basi. Akirudi, anakaribishwa jikoni na kuambiwa ya kweli. Scola alirudi, alisema, kwa kila mzee.

Scola akafungua daftari la Mara ya Pili. Mbegu zinachanganywa na majivu na majani makavu ya mwarobaini, zinawekwa kwenye chungu, mdomo unazibwa kwa udongo. Bibi mmoja akabisha kuhusu kiasi cha majivu, wakajadiliana, Scola akasahihisha pale pale. Niliona aibu. Nikajishughulisha na nyaya za spika, ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Ijumaa, 18 Julai

Mratibu ni Scola. Ameniombea miezi miwili zaidi, hata sijui kwa nini. Nitakwenda Usevya kuhoji wazee thelathini waliobaki, kila mmoja mara mbili. Dokta amesema nikiharibu na hii, nisitegemee mkataba mwingine. Nililia kidogo stoo. Nusu ni aibu, nusu ni shukrani. Mama ameuliza lini nahamia ofisi kubwa, nikamjibu kwamba mambo bado yanapangwa.

Jumapili, 20 Julai

Nimepumzika na kufikiri kwa utulivu. Vumbi lote lile, wiki nane za kulala ugenini, za nini? Bibi Minza alisema mgeni aje mara ya kwanza, kisha arudi mara ya pili. Hakusema aje kwa miguu.

Namba za simu za wazee wote thelathini ninazo. Kesho asubuhi nawapigia wanitanie. Saa saba mchana nawapigia tena waniambie ya kweli. Jumanne namkabidhi Scola kazi ya miezi miwili ikiwa imekamilika, na atajuta kuuchukua huo uratibu.