Kijani cha Jiwe la Babu

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Nimepata mlango! Mama Laurentine amenikabidhi rangi ya harusi ya Léa. Léa ni binti yake mkubwa. Mdogo wake ni Ngalula, na Ngalula ndiye sababu silali.

Rangi wanayotaka ni kijani cha malakiti, kama lile jiwe ambalo babu yao, mtu wa reli, aliliacha juu ya kabati. Kadi, bendera ya ukumbini, vitambaa vya kichwa vya mama wote wa familia: vyote kijani kimoja. Mama Laurentine alisema kidole kimoja hakivunji chawa, na atakayesaidia vizuri ataonekana. Nimemwelewa. Mambo yakienda sawa, atawapokea wazee wangu waje kumposa Ngalula. Yakienda vibaya... Nisiandike.

Tatizo ni Alexis. Anapiga video za harusi. Ana pikipiki. Naye anamtaka Ngalula, na amejaliwa meno mazuri.

Jumanne, 12 Agosti

Nina silaha. Programu ndogo kwenye kompyuta yangu, inaitwa pipeti. Unapeleka mshale wa kipanya popote kwenye skrini, inakupa namba ya rangi ya pale pale. Ukibonyeza kitufe, namba inaganda. Hakuna kubahatisha tena. Hakuna "kijani kama majani ya muhogo, lakini yaliyooshwa".

Nimelipiga jiwe picha, nimelishika kwa mkono wa kulia. Picha safi sana. Alexis alikuwepo, akauliza kwa nini nisilipeleke jiwe lenyewe kwa mchapaji, aliangalie kwa macho yake. Nikacheka. Ndivyo wanavyofikiri watu wa pikipiki.

Jumatano, 13 Agosti

Siku mbaya. Jiwe lina mistari! Hapa kijani cha maji, pale kijani cheusi, katikati sijui nini. Kila nikibonyeza, namba mpya. Kijani kipi ni cha babu? Nimekunywa chai ya rangi tu.

Ngalula alipita. Akaniambia, taratibu, nilichukue jiwe nilipeleke mjini. Maneno yale yale ya Alexis! Kwa hiyo wanazungumza. Wanazungumza wapi? Tangu lini? Sasa jiwe halitoki kwenye kabati, hata nikifa.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimepata namba! Lakini kwa roho juu juu.

Betri ya kompyuta yangu ilikufa zamani, inaishi kwa waya wa ukutani tu. Mchana taa ikaanza kupepesa. Nikajua umeme unaondoka. Nikapeleka mshale kwenye mstari mzuri wa katikati, nikanyoosha mkono wa pili kubonyeza, kipanya kikateleza kidogo, nikabonyeza, nikaandika namba kwenye kiganja. Giza! Sikuona rangi, lakini ya nini? Namba ninayo: 7A4B33. Namba haidanganyi mtu.

Ijumaa, 15 Agosti

Mama Laurentine alitaka kuona. Printa yangu ina wino mweusi peke yake, nikamtolea karatasi. Akaigeuza huku na huku. Akauliza, "Guelord, mutoto yangu, kijani iko wapi?" Nikamweleza kwamba kijani kimo ndani ya namba. Alinirudishia karatasi, akasema tumwachie Mungu. Nimelichukua kama ndiyo.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimepeleka namba kwa mchapaji mjini. Akauliza kama nataka kwanza kipande cha kujaribu. Nilitaka! Nilitaka sana! Ila nani alikuwa amesimama pale akisubiri mabango yake? Alexis. Angeona kwamba nina wasiwasi. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba sayansi haionjwi kama mchuzi. Achape vyote.

Nimetoka nje. Tangu hapo nashindwa kula. Nikiona mti najiuliza kama kijani chake ni namba ngapi.

Ijumaa, 22 Agosti

Mizigo imefika. Harusi ni kesho.

Mama Laurentine alifungua mbele ya shangazi wote. Bendera ya kahawia. Kadi za kahawia. Vitambaa vya kahawia, vimekunjwa vizuri. Akauliza, "Njo kijani gani hii?" Nikasema labda ni mwanga wa sebule. Tukatoka uani. Uani vikawa kahawia zaidi.

Hapo Ngalula akaomba aione ile picha. Akaiangalia. Akasema, "Guelord, leta mukono." Akalaza kitambaa juu ya kidole gumba changu, kile kilichokuwa kimeshika jiwe. Kidole kikapotea! Rangi moja, bila mpaka. Shangazi mmoja alikaa chini kwa kicheko. Léa yeye alilia, na hilo limeniuma kweli.

Jumamosi, 23 Agosti

Maji yakimwagika hayazoleki. Wamevaa. Ukumbi mzima wa mama, vichwani kidole changu. Alexis ameupiga video mkono wangu kwa karibu, kisha bendera, kisha mkono tena, na kuonyesha kwenye skrini kubwa. Baba wa bwana harusi akasimama akasema yeye aliambiwa kidole kimoja hakivunji chawa, kumbe kinavalisha ukoo mzima. Makofi! Nilijificha nyuma ya spika.

Jumapili, 24 Agosti

Baada ya misa Ngalula aliniita pembeni. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. Alisema rangi haikumuudhi. Alisema, "Nilikuomba kitu kimoja tu, ubebe jiwe. Haukunisikia." Kisha akaniambia Jumapili ijayo mama yake anawapokea wazee wa Alexis.

Nimelia kidogo. Nimeosha uso.

Sasa nafikiri vizuri. Wazee wakipokelewa, kutakuwa na harusi. Harusi lazima iwe na rangi. Familia ile inapenda kijani, na kijani chenyewe bado hakijapatikana! Nitajitolea bure. Ngalula ataona kadi, ataona kijani kamili, ataelewa ni nani hasa wa kuolewa naye. Muda upo.

Kosa nimeshaligundua, ni la picha. Safari hii jiwe nitalishika kwa mkono wa kushoto.