Jinsi Nilivyomtayarisha Nyambeki kwa Mwanasaikolojia

Jumatatu, 5 Mei
Barua kutoka shuleni. Mjukuu wangu Nyambeki, miaka saba, apelekwe Alhamisi kwa mwanasaikolojia wa watoto mjini Kericho. Sababu: shuleni hasemi. Hata neno! Hapa nyumbani, kijijini Boito, huongea tangu uji wa asubuhi hadi usingizi umkate katikati ya sentensi. Akivuka lango la shule, kimya. Miaka miwili sasa. Mwalimu wake anataka kumrudisha chekechea. Mama yake, binti yangu Bilhah, amelia jikoni akidhani sisikii.

Nimemwambia asihofu. Nimekuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na sita. Tathmini ni mtihani. Mtihani una maswali. Maswali huvuja.

Jumanne, 6 Mei
Nimeenda kwa jirani yangu Ogada, karani mstaafu wa kiwanda cha chai. Mjukuu wake Akello huenda kliniki hiyo hiyo tangu Januari, kwa ajili ya hasira. Nikauliza kwa upole watoto huulizwa nini. Ogada akacheka hadi kofia ikaanguka. Eti, "Mwalimu, ule si mtihani bwana! Mtoto anacheza tu."

Anacheza! Daktari mzima, halafu mchezo. Ni wazi anaficha maswali ili Akello abaki wa kwanza.

Nikamvizia Akello mwenyewe nyuma ya jiko. Nikamhonga mandazi mawili. Akatoa siri: kuna vibao vya kupanga, kuna wanasesere, na unaambiwa uchore mtu. Kwa andazi la tatu akaongeza kwamba hakuna sindano.

Jumatano, 7 Mei
Mtihani wa majaribio. Nyambeki amechora mtu mara kumi na nne. Wa kwanza alikuwa na vidole vitatu kwa jumla. Nikaeleza kwamba msahihishaji huhesabu vidole. Wa kumi na nne ana vidole kumi, masikio, tai, na kalamu mfukoni. Anafanana nami kidogo.

Nimemfundisha na majibu ya kukariri: Nalala vizuri. Nakula mboga. Siogopi chochote. Akasema, "Lakini Sokoro, mimi naogopa." (Huniita Sokoro, kama nami nilivyomwita babu yangu.) Nikamweleza kwamba hilo halimo kwenye majibu.

Bilhah amegundua. Kanikumbusha kwa ukali kwamba barua inataka mtoto aambiwe ukweli, ale, alale mapema, aende alivyo. Nimemjibu kwamba barua zote za mitihani husema hivyo.

Alhamisi, 8 Mei
Kliniki. Mshangao! Daktari Chepngetich, msichana wa viatu vya raba, alituuliza SISI. Mtoto alizaliwaje, alitembea lini, husema na nani, hunyamaza wapi. Sikuwa nimejitayarisha! Hata hivyo nilijibu yote, pamoja na ya Bilhah.

Akamuuliza Nyambeki kama angependa kucheza na ng'ombe wa plastiki. Nikajibu angependa. Akamuuliza rangi aipendayo. Nikajibu kijani. Hapo daktari akaniomba, "Mwalimu, hebu tukae kimya pamoja kidogo." Tukakaa. Kazi ngumu kuliko kulima.

Nyambeki hakusema neno. Alisukuma ng'ombe tu. Wala hakuambiwa achore mtu! Nimesoma daftari la daktari juu chini, kutoka upande wangu wa meza. Neno "babu" limepigiwa mistari miwili. Sifa, bila shaka. Turudi wiki ijayo.

Jumamosi, 10 Mei
Baada ya ibada ya Sabato Ogada aliwatangazia wazee kwamba mimi, Mosoti, namfundisha mtoto kuwa mtoto. Walicheka, mchungaji akiwemo. Nimeongeza mazoezi ya vidole.

Alhamisi, 15 Mei
Nyambeki ndani na daktari. Mimi na Bilhah kwenye benchi nje, mvua ikipiga mabati. Mara sauti. Yake! Bilhah akanishika mkono hadi kucha zikaingia. Mtoto alikuwa anamwambia ng'ombe wa plastiki, daktari akisikia kabisa: "Sokoro amenifundisha nichore vidole kumi. Nimechoka na vidole. Na anahonga watu mandazi."

Sentensi tatu! Mbele ya mgeni! Bilhah alilia na kucheka kwa pamoja. Mimi niligeuka nikaitazama mvua kwa muda mrefu.

Daktari akatueleza. Si mjinga, si mkaidi. Watu wakimkodolea macho wakingoja aseme, hofu inamfunga koo. Atafunguka kwa hatua ndogo ndogo, bila kulazimishwa. Atamwandikia mwalimu kwamba kumrudisha chekechea hakutamsaidia. Nikauliza amepata ngapi. Akasema hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Nikamkonyezea jicho, ajue kwamba naelewa matokeo ni siri.

Kisha kazi ya nyumbani, na ni yangu! Kila siku robo saa sakafuni na Nyambeki. Yeye aongoze. Nisiulize, nisisahihishe, nisifundishe. Alhamisi ijayo daktari atatutazama tukicheza.

Ijumaa, 16 Mei
Nimemweleza Ogada kwamba maandalizi yangu ndiyo yaliyomfungua mtoto. Bila vidole, angekuwa na nini cha kulalamikia?

Jioni tumecheza. Nyambeki akaamua mimi ni ng'ombe. Nikapiga magoti. Nikaanza kueleza kwamba tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne, na kazi ya kila kimoja. Nilipofika cha pili akaweka mikono kiunoni. "Sokoro! Ng'ombe hasemi!" Bilhah alicheka mlangoni hadi akakaa chini.

Ni kweli, nilikuwa dhaifu. Na Alhamisi tunatazamwa! Siwezi kushika mkia mbele ya msichana wa viatu vya raba. Kesho alfajiri, kabla ya ibada, nitakaa zizini na daftari. Ng'ombe wa Ogada ana maziwa mengi lakini hana nidhamu. Nitaiga wetu.